Ukifika Dodoma ule wapi? Mpangilio wangu, kuanzia mnadani Msalato

Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, wageni wangu wameongezeka, na wakishuka tu swali lao ni lile lile: tunakula wapi? Kigezo changu ni kimoja: nenda mahali unapokiona chakula chako kabla hakijaiva. Mji huu umezungukwa na wafugaji. Hakuna sababu ya kulipia nyama iliyolala.

Ya kwanza: Mnada wa Msalato, Jumamosi. Hapa sibishani na mtu. Mnada uko nje kidogo ya mji, barabara ya kwenda Kondoa na Arusha. Upande mmoja mifugo inauzwa ikiwa hai, upande mwingine mitumba na vyombo, na moshi wenyewe utakuonyesha wachomaji walipo. Usitafute kiti kwanza. Nenda pale nyama ilipotundikwa, uchague mwenyewe. Mimi huchukua mbavu na kipande cha paja la mbuzi pamoja, maana mbavu peke yake ni mifupa mingi, na paja peke yake hukauka motoni. Uliza bei ya kilo, uliza kama kuchoma kumo humo humo, halafu simama mbele ya mzani.

Kisha mfuate mchomaji hadi kwenye jiko, akujue sura. Siku moja, sehemu nyingine mjini, nilichagua paja zuri nikaenda kukaa kivulini. Baada ya saa nzima nikaletewa shingo na mifupa ya mgongo, na aliyenipimia alikuwa ameshaondoka. Iliniuma sana, maana nilikuwa na wazazi wangu, na hela ilikuwa imeshatoka.

Mbuzi anataka muda, saa moja au zaidi. Mtazame mchomaji anayeijua kazi: anatandaza makaa, haruhusu ndimi za moto, na mafuta yakidondoka moto ukaruka, anaunyunyizia maji ya chumvi kwa mkono. Ikiiva anaikata mbele yako kwenye ubao, chumvi pembeni, ndimu, pilipili, ndizi za kuchoma. Mnazunguka sinia moja na kula kwa mkono. Fika kabla ya saa sita mchana na noti ndogo ndogo. Jioni vipande vizuri vimeshachukuliwa.

Ya pili: mama lishe wa karibu na Soko la Majengo. Hapa ndipo chakula cha Wagogo kinapopatikana kwa bei ya kila mtu. Muulize, "Mama, leo kuna mlenda?" Ni mboga ya majani yenye utelezi. Kiangazi chetu ni kirefu, kwa hiyo majani yake huchumwa wakati wa mvua, hukaushwa na kutwangwa, yakaliwa miezi ambayo hakuna mboga mbichi. Ukiwekwa karanga, mlenda huo unakuwa mzito na mtamu ajabu. Wengi wanapika ugali wa sembe. Wa uwele au mtama uulizie asubuhi. Ni wa rangi ya kijivu, na tonge lake ukilichovya kwenye mlenda linateleza lenyewe. Mgeni anayeondoka Dodoma bila kuonja hiki, mimi namhesabu hajafika.

Ya tatu: samaki wa Mtera. Ni kwa anayeelekea Iringa tu. Usifunge safari kwa ajili yake. Barabara inapita juu ya ukuta wa bwawa, na hapo utakuta perege na kambale. Waliokaangwa tangu asubuhi ni wakavu. Omba ukaangiwe mbichi, umfunue mashavu kwanza: yawe mekundu.

Ya nne: kuku wa Chako ni Chako, sehemu ya kuku hapa mjini, kwa usiku, ukiwa umechoka na hutaki kwenda mbali. Sema mapema kama unataka wa kienyeji au wa kisasa, kwa sababu bei na muda wa kusubiri vinatofautiana.

Ya mwisho: hoteli ambako mabasi husimama. Dakika chache, chipsi za kwenye kabati la kioo, foleni ya kulipa, na dereva anapiga honi. Nunua mahindi ya kuchoma au mayai ya kuchemsha, ukale mbele ya safari.

Nauli ikibaki, beba zabibu. Wauzaji watakusifia rangi, wewe tazama kikonyo: kikiwa kijani, kishada kimekatwa karibuni, kikiwa kimekauka, mrudishie. Tikisa kishada taratibu, punje zisidondoke. Halafu zipakie kwenye boksi, siyo mfuko wa plastiki, la sivyo mpaka Morogoro zimeshaloa.