Miaka miwili ya kusomea ualimu wa awali kwa njia ya Montessori: uzoefu wangu

Nilisoma ualimu wa awali miaka miwili, bweni, katika chuo cha masista hapa Tanzania, kwa njia ya Montessori, yaani mtoto anajifunza kwa kushika vifaa na kufanya mwenyewe. Sasa huu ni mwaka wangu wa tatu nafundisha darasa la awali katika shule ya msingi ya serikali. Nawaandikia wadogo zangu walioshika fomu ya kujiunga na bado wanasita, maana zamu yangu ilipofika sikupata mtu wa kuniambia haya.

Wiki ya kwanza nilitegemea tutafundishwa nyimbo. Tulifundishwa kunyamaza. Sista alitandika mkeka, akaleta trei yenye majagi mawili madogo, moja lina maharage, akakaa pembeni ya mwanachuo aliyewekwa kama mtoto. Akamimina polepole kutoka jagi hili kwenda lile, bila neno. Harage la mwisho lilipodondoka alichungulia ndani kuona kama kuna lililobaki, kisha akamimina kurudisha. Baada ya hapo tukafanya sisi, mmoja mmoja, mpaka jioni. Kila aliyefungua mdomo kueleza alirudishwa mwanzo. "Mtoto akiangalia mkono wako, usimsumbue na mdomo wako," ndivyo alivyokuwa akisema. Nilichoka, nikaona tunapotezewa muda.

Nikaja kumwelewa kwenye mazoezi ya kufundisha. Mtoto wa miaka minne alikuwa anamimina maharage yaleyale, harage moja likaangukia mkekani. Akaniangalia. Mkono wangu ulishaanza kwenda kuliokota, na mwalimu mlezi wangu akanishika kifundo akanizuia. Mtoto aliweka jagi chini kwa mikono miwili, akainama, akaliokota kwa vidole viwili, akalirudisha, akaendelea. Hakuna mtihani ulionifundisha kama ule mshiko wa kifundo.

Kazi ya chuo ni nyingi kuliko watu wanavyodhani. Kila zoezi unaliandika kwa mkono kwenye albamu: lengo, vifaa, hatua kwa hatua, umri wa mtoto, na mchoro juu yake. Nilimaliza na albamu nne: maisha ya kila siku, milango ya fahamu, lugha na hisabati. Herufi tulizikata wenyewe kwenye karatasi ya msasa kwa wembe, tukazigandisha kwenye vibao, na vidole vilikuwa vinawaka wiki nzima. Lakini ukishamwona mtoto anapitisha vidole viwili juu ya m ya msasa huku akitamka sauti yake, "mmm" wala siyo "em", hutajuta. Unampa sauti mbili: hii ni m, hii ni s. Halafu: nionyeshe s. Mwisho kabisa ndipo unamuuliza, hii ni ipi? Akikosa humwambii amekosa. Unarudi hatua ya kwanza, leo au kesho. Hiyo ninaitumia kila siku ya Mungu.

Sasa niseme kilichoniuma. Chuo kilituandaa kwa darasa la watoto 20, lenye makabati, mikeka na vifaa vya mbao. Mwongozo wa serikali nao unasema mwalimu mmoja kwa watoto 25. Mimi nilipokelewa na watoto 84. Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016 wazazi wamewaleta watoto kwa wingi, na ni jambo jema kabisa, ila hakuna siku hata moja katika miaka ile miwili tuliyokaa tukaulizana: ukikuta watoto 80 na huna hata mnara mmoja wa pinki, vile vipande vya mbao vya kupanga kimoja juu ya kingine, unafanyaje? Nilipouliza, mkufunzi alinijibu kwamba Montessori bila vifaa siyo Montessori.

Jibu lile sikulikubali wakati ule na leo silikubali. Maria Montessori alikuwa daktari, na nyumba yake ya kwanza ya watoto aliifungua tarehe 6 Januari 1907 San Lorenzo, mtaa wa makabwela wa Roma, kwa watoto ambao wazazi wao walishinda kazini na wao wakabaki wakizurura kwenye ngazi. Tulikariri tarehe hiyo kwa ajili ya mtihani. Inakuwaje njia iliyoanzia kwa watoto wale ifundishwe kana kwamba ni ya shule za ada kubwa tu?

Kabla hujalipa chochote, uliza mtihani wa mwisho unatungwa na nani. Mwenzangu mmoja alisoma kwingine, akatunukiwa cheti cha chuo chenyewe tu, hakuna cha Baraza la Mitihani. TAMISEMI, ofisi ya serikali inayosimamia shule za msingi, walipotangaza ajira za walimu hakuwa na cha kuambatisha. Miaka miwili na ng'ombe wawili wa baba yake. Uliza pia gharama za vifaa, kwa sababu ada inayoandikwa kwenye fomu haina ndani yake mbao, rangi, msasa, gundi wala nauli ya mazoezi. Chakula cha chuo kilikuwa ugali na maharage, kinatosha. Usiku taa zilizimwa saa nne, na albamu haziishi saa nne, kwa hiyo beba tochi.

Je, ningerudia? Ndiyo, na chuo kilekile, kwa sababu ya yule sista na maharage yake.

Siku hizi nawagawa watoto wangu makundi manne, kundi moja mkekani na mimi, mengine nje kwenye mchanga, maji na kamba. Kwa hisabati, chuoni tulikuwa na shanga za rangi ya dhahabu: shanga moja, fimbo ya 10, bamba la 100, mchemraba wa 1000, mtoto anabeba kila kimoja anausikia uzito wake. Mimi natumia vizibo vya soda. Natoboa kwa msumari, natunga kumi kumi kwenye waya, fimbo kumi nazifunga kuwa mia. Dada wa kaunta kwenye baa ya jirani ananiwekea kwenye ndoo, navipitia Jumamosi. Watoto wanajua tunatafuta elfu moja, na kila Jumatatu swali lao la kwanza baada ya shikamoo ni tumefika ngapi. Jumatatu iliyopita vilikuwa 740.