Gari la kulala la kukodi Mwanza: sisi wawili, ziwa na sato wa alfajiri

Gari lenyewe ni Toyota Hiace ya paa la juu, ile ndefu, wametoa viti vyote vya abiria wakaweka kitanda cha watu wawili, jiko la gesi la plate mbili, friji ndogo ya betri, sinki, tangi la maji la lita 40, na juu ya paa kuna sola. Kukodi ni laki moja na themanini kwa siku, mafuta juu yako, na dipoziti unaacha. Kwa hela hiyo Mwanza unapata chumba kizuri tu cha hoteli na chai ya asubuhi humohumo, kwahiyo lazima ujiulize unalipia nini hasa. Mimi na baba watoto tulilipia samaki, na kwa hilo hela yetu haikupotea hata kidogo, ingawa kuna mambo ya hilo gari yalitukera na nitayasema.

Samaki wa Ziwa Victoria ana saa zake. Mitumbwi inarudi mwaloni, yaani pale ufukweni inaposhusha samaki, alfajiri, mawakala wameshasimama na mizani, sangara wakubwa wanaingia kwenye barafu safari ya kiwandani, sato wazuri wanagombewa na kina mama wa sokoni na watu wa mahoteli, ikifika saa tatu asubuhi we mgeni uliyelala mjini ukaamka ukanywa chai ukatafuta bajaji unakuta waliobaki. Sasa ukiwa umelala hapohapo mita mia kutoka majini, unasikia injini za mitumbwi ukiwa bado umejifunika shuka, unavaa kandambili unashuka, unachagua mwenyewe. Hicho ndo kitu hoteli haiwezi kukupa, na ndo kipimo nilichotumia kulipima gari zima, je linanisaidia kufika kwenye samaki, kumtunza na kumpika? Mengine kwangu ni nyongeza.

Kulala ni pazuri. Godoro ni nene, mume wangu ni mrefu na miguu ilifika mwisho ila haikukunjwa, madirisha yote yana neti za kubana vizuri na hili nawapongeza kwa moyo wote maana kule ziwani kuna siku wale wadudu wadogo wanatoka majini kama moshi mweusi, wakija upande wako bila neti hulali na chakula unafunika. Feni ndogo ipo. Ubavuni kuna turubai la kuvuta, unapata kivuli cha kupikia, tena pika nje jamani, usije ukakaanga samaki ndani, harufu inaingia kwenye godoro na mapazia haitoki.

Tulianza kwa kuvuka na kivuko cha Kamanga pale mjini, tukapita Sengerema tukarudi kwa daraja la Kigongo–Busisi. Wanaojua foleni ya kivuko pale Busisi watanielewa, ulikua unaweza ukakaa masaa unasubiri, na magugu maji yakijaa ndo kabisa. Saivi daraja lina kilomita 3, limefunguliwa Juni 2025, unapita dakika chache ziwa liko kulia na kushoto, nilimwambia baba watoto apunguze mwendo akasema hapa hatusimami mke wangu, na kweli hairuhusiwi kusimama juu ya daraja, kwahiyo angalia ukiwa unapita. Ukitoka hapo hulazimiki kuingia mjini, ukifika Usagara unashika barabara ya kwenda Kisesa unatokea njia ya Musoma. Gari lenye tangi la maji na vyombo vya kugongana sio la kupitisha kwenye msongamano wa Mwanza mjini.

Lamadi, kwenye hiyo njia ya Musoma, ndo tulikaa zaidi na ndo pa kukaa. Pale ghuba ya Speke inaishia, maji yako magharibi yako, kwahiyo jua linazama majini mbele ya macho yako kabisa, na upande wa pili wa barabara uko karibu na geti la Ndabaka la Serengeti. Kuna sehemu za kulala wageni ufukweni ambazo zinakuruhusu kupaki na kutumia bafu na choo chao kwa malipo, na kwa mtu wa gari la kulala hiyo ni afadhali mara kumi kuliko kuhangaika porini. Usipaki popote tu. Viboko wanatoka majini usiku kula majani, nyayo zao tuliziona asubuhi kwenye mchanga, pana kuliko sahani, zimepita karibu na pale tulipokua tumeanika taulo. Mlinzi alituambia tangu mwanzo, kijana mpole, mkitaka kutoka usiku niiteni kwanza nimulike. Tukamsikiliza.

Asubuhi tukashuka mwaloni. Tukasalimia mwangaluka, salamu ya asubuhi ya Kisukuma, wakacheka wakaitikia, tukaelekezwa kwa mwenyekiti wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, tukaandikisha majina kwenye daftari lake, maana mwalo una wenyewe na ukipitia kwao kila kitu kinakua rahisi. Mama mmoja alinifundisha kuchagua. Alimfunua sato shavu kwa kidole gumba, matamvua yalikua mekundu ya damu yanang'aa, akasema huyu ndo wa leo, akanifunulia na mwingine yamefifia yana rangi ya matofali, akasema huyu wa jana huyu wape wanaotengeneza mchuzi mzito. Alafu unambonyeza ubavuni, nyama ikirudi yenyewe sawa, kidole kikiacha shimo achana nae. Macho yawe yametoka na yanang'aa, yakiwa yamezama yana ukungu pita. Nilimchukua wa kilo na robo, akampaa magamba hapohapo kwa kisu kidogo kilichoisha makali nusu, akamtoa utumbo, akamchana mgongoni, akamsuuza kwa maji ya ndoo.

Tulimla chukuchuku. Maji kidogo, nyanya mbili, kitunguu, chumvi, ndimu, pilipili mbuzi moja nzima isiyopasuliwa, mfuniko, basi. Hakuna mafuta hakuna viungo vya pakti. Sato wa saa moja tangu atoke majini akichemshwa hivo nyama yake inaachana kwa vipande vyeupe vinene na supu yake ina utamu ambao huwezi kuupata kwa samaki wa barafu hata umwekee kila kitu cha duniani. Ugali tulisonga kwenye jiko lile la gesi na hapa naliponda kidogo, vyuma vya kushikilia sufuria ni vyepesi, ukisonga ugali wa watu wawili sufuria inacheza, ikabidi mume wangu ashike mpini kwa mikono miwili mimi nisonge. Wangeweka vyuma imara. Watu wa huku ni wa ugali, sio wa kuchemsha mayai.

Sangara nae tulimla, vipande vya kukaanga, mtamu ana mafuta yake. Huyu sio mwenyeji wa ziwa, aliletwa miaka ya 1950, akawala furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hili, mpaka aina nyingi zikapotea, ila ndo ameleta viwanda na ajira za Mwanza na mabondo yake, vile vifuko vya hewa vya tumboni, yanauzwa ghali nje. Ninachoomba kwa mtu yeyote atakaefanya safari kama hii, ukiletewa sangara mfupi chini ya sentimita 50 usinunue hata kwa bei ya kutupa. Hairuhusiwi kuvuliwa, na sisi wanunuzi wa mmojammoja tukikataa huyo mtoto wa samaki anakosa soko.

Haya, friji. Mwenye gari alituhakikishia betri ni mpya na friji inakesha. Haikukesha. Ikifika kama saa nane usiku inalia tii tii inazima, asubuhi jua likipanda inawaka tena. Tulinunua minofu ya sangara jioni kwa ajili ya kesho yake, alfajiri nafungua naona maji yamejaa chini na harufu imeshaanza kugeuka, nikamwaga kilo mbili. Iliniuma. Ile ni kazi ya mtu aliyekesha ziwani. Tukampigia mwenye gari, akatuelekeza kuzima feni na taa tukawa tunalala gizani na bado haikufika asubuhi, mwisho akakubali kwamba betri ni ya zamani akaturudishia hela ya siku moja. Kurudisha alirudisha, namshukuru, lakini gari linalotangazwa kwa ajili ya watu wa ziwani friji ndo moyo wake, hilo ni la kurekebisha kabla ya kumpa mtu mwingine funguo. Baada ya hapo tukanunua barafu na kapu la plastiki la kufunika, tukaendelea na maisha. Ukikodi wewe, washa friji siku moja kabla, iache usiku mzima uone, ndo ulipe.

Tangi la maji lita 40 linawatosha watu wawili siku mbili kama kuoga mnaoga kwingine. Na kuoga msiogee ziwani kwenye matete na maji yaliyotulia, kichocho kipo, konokono wanaokibeba wanakaa palepale penye majani, wenyeji watakwambia hamna shida tunaoga tangu utoto lakini ukirudi nyumbani pima, dawa yake ni vidonge tu na inapatikana. Maji ya kunywa tulichemsha.

Kitu kingine ambacho nashauri kwa nguvu zote ni kuangalia mwezi kabla ya kupanga tarehe. Dagaa wanavuliwa giza, wavuvi wanawasha taa kuwavuta, mbalamwezi ikiwa kali dagaa hawaji kwenye taa na mitumbwi mingi ya dagaa inapumzika. Sisi tulienda kipindi cha giza. Usiku unafungua mlango wa nyuma wa gari, umelala kifudifudi na mwenzio mnaangalia taa zimetapakaa juu ya maji mpaka mwisho wa macho, zamani zilikua karabai za mafuta ya taa saivi nyingi ni za sola, nyeupe, zinasogea polepole. Tuliongea usiku ule mambo ambayo nyumbani hatupati muda wa kuyaongea. Kwa wanandoa hiyo peke yake inatosha kukodi.

Dagaa wenyewe nunueni waliokaushwa kwenye vichanja, sio wa kumwagwa chini mchangani. Bei inapanda kidogo ila hutafuni mchanga. Kwa gunia zima kwa bei nzuri nenda Mwaloni Kirumba mjini, pale hadi wafanyabiashara wa Kongo wanakuja kubeba.

Ukerewe tulifika, kwa njia ya Bunda mpaka Kisorya unavuka na kivuko kwenda Rugezi. Ndo kisiwa kikubwa kuliko vyote ziwani, mawe makubwa, michungwa, watu wakarimu sana, ugali wa muhogo na samaki wa kubanika kila mahali. Lakini kwa gari hili nisingeshauri uende mbali na barabara kuu. Hiace imekaa chini, ikibeba kitanda na maji na mizigo inakaa chini zaidi, kwenye njia ya kushuka mwalo mmoja tairi za nyuma zilichimba mchanga, vijana wakaja kusukuma, wakakataa hela mpaka tulipowabembeleza wachukue ya soda. Mtu anayetaka kuzunguka visiwani na mialo ya ndani atafute Land Cruiser yenye hema juu ya paa, atalala pembamba lakini atafika.

Hali ya hewa, nenda Juni mpaka Agosti. Kipindi cha mvua radi za ziwa zinapiga usiku wa manane kuelekea alfajiri, na wakati huo ndo mitumbwi iko majini, kwahiyo wanaotoka kuvua wanapungua na samaki wanakua adimu. Mchana upepo unatoka ziwani unapeperusha moto wa jiko, pika mapema au paki gari likinge. Barabara kuu ya Musoma ni lami nzuri, matuta mengi kwenye vijiji na tochi za trafiki za kupima mwendo zipo, hamsini ni hamsini.

Gari nalipa alama saba kwa kumi. Betri ikibadilishwa na jiko likiimarishwa nalipa tisa bila kufikiria, maana kitanda, neti na turubai vimefanywa na mtu anayejua kulala nje. Dipoziti tulirudishiwa siku ileile tuliyorudisha gari, yote, ila wanakagua ndani na pua zao kabla ya kukupa, likinuka samaki wanakata elfu ishirini ya kuosha, kwahiyo usiku wa mwisho toeni mazulia nje na milango muiache wazi mapema kabla wadudu hawajaanza kutoka.