Kuunguzwa uvimbe wa ini kwa sindano: uzoefu wangu

Kama umeambiwa una uvimbe mdogo kwenye ini na unawaza kupasuliwa, uliza kwanza kuhusu tiba hii. Mimi nina hepatitisi B ya siku nyingi na ini lenye makovu, kwa hiyo napigwa ultrasaundi kila miezi 6. Ndiyo iliyouona uvimbe ukiwa na sentimita 2 tu, na CT skani ya dawa ya mshipani (dawa inayofanya picha ionekane vizuri) ikaonyesha ni saratani. Nikapewa rufaa kwenda Chennai, India. Uvimbe usiozidi sentimita 3 ndio unaofaa zaidi kwa joto. Ukishakuwa mkubwa, mabaki hubaki kwa urahisi.

Nilipewa nusu kaputi. Sindano ndefu ilipitishwa kati ya mbavu, daktari akiifuata kwenye skrini hadi ncha ikazama ndani ya uvimbe, kisha ikatoa mawimbi ya mikrowevu. Seli zikipita nyuzi 60 hufa papo hapo. Kuunguza kwenyewe ni dakika chache. Kazi kubwa ni kulenga. Nilitoka wodini kesho yake na plasta moja ubavuni.

Bega la kulia liliniuma kuliko tumbo, na hakuna aliyenitahadharisha. Muuguzi ndiye aliyenieleza: msuli wa kupumulia ulio juu ya ini ukichokozwa, maumivu hujitokeza begani. Homa ndogo na uchovu vilifuata, vikaisha vyenyewe.

Kilichotutisha hasa ni CT ya mwezi mmoja baadaye. Ripoti ilitaja doa la sentimita 4! Mke wangu alilia, akidhani uvimbe umekua maradufu. Kumbe huunguzwa pia ukingo wa nyama yenye afya kuuzunguka, kati ya nusu sentimita na sentimita moja kila upande, ili seli zilizojificha zisisalie. Kinachoangaliwa ni kama doa linanyonya dawa ya mshipani. Langu halikunyonya, maana yake limekufa. Jambo hili mgonjwa aelezwe kabla hajatoka hospitali, tena pamoja na familia yake.

Tiba hii haiondoi makovu wala virusi, na uvimbe mwingine unaweza kuota sehemu nyingine ya ini. Naendelea na tenofovia, dawa ya kudhibiti virusi, na CT kila miezi 3. Uvimbe ulio jirani na mshipa mkubwa ni mgumu zaidi, kwani damu hubeba joto. Ulizia wako uko wapi. Na usiondoke bila CD ya picha za kabla na baada, daktari wa nyumbani atazihitaji kulinganisha.