Vitenge vya soko la Mwanga, Kigoma: angalia uzi kabla ya ua

Kwenye vibanda vya vitenge pale Mwanga, macho ndiyo yanayodanganyika kwanza. Vitenge vimepangwa toka sakafuni hadi darini, kila kimoja kimekunjwa ua lake lionekane, kimevikwa nailoni na kubandikwa kibandiko kinachong'aa. Muuzaji anashusha kimoja: "Hiki cha Kongo, dada, orijino." Kwa Kigoma maneno hayo yana uzito, maana boti za Kalemie na Uvira, ng'ambo ya Kongo, zinashusha mizigo hapohapo ziwani, na mishono ya Kikongo ndiyo inayoigwa na mafundi wa Ujiji hadi Gungu. Lakini "cha Kongo" ni jina la njia na la mtindo. Sehemu kubwa ya vitenge vinavyovaliwa Afrika leo hutoka viwanda vya China, viwe vimepitia bandari ya Dar au vimezunguka kwa majirani. Kwa hiyo swali la maana la kumuuliza muuzaji ni kimefumwa kwa uzi gani.

Utakachokuta ni cha aina tatu: waksi yenyewe, pamba iliyochapwa kufanana na waksi, na poliesta.

Waksi hutengenezwa kwa kupaka utomvu wa moto pande zote mbili za kitambaa cha pamba, kisha kukitia kwenye rangi. Palipo na utomvu rangi haiingii. Utomvu ukipasuka, rangi hupenya kwenye nyufa na kuacha mishipa myembamba kama ya jani. Hapo ndipo pa kumkamatia mwigo. Tafuta ua moja, kisha tafuta ua lilelile linaporudia mbele, ulinganishe mishipa yake. Kwenye waksi ya kweli mishipa hailingani, kwa sababu utomvu haupasuki mara mbili kwa namna moja. Kwenye kitenge cha kuchapwa, mshipa uliopinda kushoto karibu na shina utaukuta umepinda vilevile kwenye kila ua, maana nao ni sehemu ya mchoro. Halafu geuza kitambaa: waksi haina nje wala ndani, rangi ni moja pande zote. Maandishi ya ukingoni usiyategemee peke yake. Vlisco, kiwanda kilichoanzishwa Helmond, Uholanzi, mwaka 1846, huchapa jina lake ukingoni, na kwa sababu hiyohiyo jina hilo linaigwa sana.

Waksi ya kweli ni ghali, na kwa nguo ya kwenda kazini au sokoni kila siku si lazima. Pamba ya kuchapwa iliyo nzito inatosha kabisa, na hiyo ndiyo ningependekeza kwa wengi. Kazi ni kuitofautisha na aina mbili mbaya zinazokaa nayo kwenye rafu moja.

Ya kwanza ni pamba nyepesi iliyojazwa wanga. Dukani inasimama wima, inakakamaa vizuri, unaona hii ndiyo yenyewe. Shika pembe, isugue kwa nguvu baina ya viganja kama unayefua, mara ishirini hivi. Ikitoa vumbi jeupe na kulegea, huo ulikuwa wanga. Ukiifua mara moja itabaki kama bandeji. Inyanyue pia uelekee mlangoni: ukiona umbo la vidole vyako upande wa pili, sketi yake itahitaji bitana na lemba lake halitasimama.

Ya pili ni poliesta. Mwombe muuzaji kwa upole: "Mama, naomba uzi mmoja wa pembeni." Chomoa nyuzi mbili tatu pale palipokatwa, toka nje mbali na vitambaa, uziwashe kwa kiberiti. Pamba huwaka kwa utulivu, hunuka karatasi iliyoungua, na jivu lake husagika kidoleni. Poliesta hujikunja kukimbia moto, huyeyuka, na huacha kidonge cheusi kigumu. Ukipata jivu lenye chembe ngumu ndani yake, ni mchanganyiko. Chomoa uzi wa urefu na wa upana pia, kwani vipo vitenge ambavyo upande mmoja ni pamba na mwingine sivyo.

Poliesta ina sifa zake: haipauki upesi, haikunjamani, inakauka haraka masika. Lakini kwa joto la Kigoma, na unyevu wa ziwa, hainyonyi jasho. Inashika mgongoni, na harufu inayoingia haitoki kirahisi. Kwa mama anayeshinda mwalo wa Kibirizi au Katonga akigeuza dagaa, kipande cha pamba kilichokwisha kufuliwa mara nyingi ni bora kuliko poliesta mpya.

Jaribio la rangi ni fupi: lowesha leso nyeupe, sugua sehemu yenye rangi nzito mara kumi. Rangi kidogo si kosa, hasa kwa bluu na nyeusi, ni mabaki ya juu. Leso ikigeuka rangi kabisa, kitenge kitachuja hadi kiambukize shati jeupe la mtoto wa shule. Kuloweka kwa chumvi ni desturi ya nyumba nyingi, lakini rangi iliyotiwa vibaya kiwandani chumvi haiiokoi.

Kabla ya kulipa, pima. Yadi 6 ni mita 5 na sentimita 48 hivi, na upana wa kawaida ni kama inchi 45. Hutokea kipande kikapungua nusu yadi, na nusu yadi ndiyo mikono ya gauni. Wakongo hugawa yadi 6 mara tatu: yadi 2 za sketi, 2 za blauzi, 2 za kujifunga juu. Shati la mwanaume la mkono mfupi huchukua yadi 2 hadi 2 na nusu. Ua likiwa kubwa kama sahani ongeza nusu yadi, fundi apate kulipanga. La sivyo ua moja litakaa tumboni limekatwa nusu na jingine litakaa juu ya titi moja tu, na hilo halifichiki.

Kosa linaloharibu vitenge vizuri kuliko yote hufanyika kati ya duka na cherehani: kushona bila kuloweka. Pamba mpya inaweza kunywea asilimia 3 hadi 5. Kwa gauni la sentimita 140 hiyo ni sentimita 4 hadi 7, yaani kutoka kifundoni hadi juu yake. Tena hainywei sawasawa na vinavyoshonewa humo. Utepe wa zipu ni poliesta, haunywei, kwa hiyo baada ya kufua mgongo unavutika na zipu inajikunja mawimbi kama nyoka. Watu humlaumu fundi. Gamu ya kola, kile kitambaa kigumu kinachobandikwa ndani yake kwa pasi, nayo huumuka kama mapovu kwa sababu hiyohiyo, au kwa sababu pasi haikuwa na moto wa kutosha wakati wa kuibandika. Loweka kitenge kizima kwenye maji baridi usiku mmoja, kianike kivulini bila kukamua, kipigwe pasi kikiwa na unyevu, ndipo kiende kwa fundi.

Kwa mafundi wenyewe: wengi wa Mwanga wanajua kukata, mishono yao inakaa mwilini, na mikono ya puto wanaiweza hasa. Udhaifu uko ndani ya nguo. Wakati wa kupimwa, omba mambo matatu: akiba ya mshono inchi nzima ubavuni, ili nguo iweze kufunguliwa mwili ukiongezeka, overloki kwenye kingo zote, kwani kitenge hufumuka nyuzi, na bitana ya pamba badala ya ile laini ya kuteleza, ambayo hugeuza kitenge cha pamba kuwa poliesta upande wa ngozi. Mwambie pia mabaki ni yako. Ukanda wa inchi 20 kwa yadi moja na nusu unatosha lemba, na pamba nzito italishika fundo bila pini.