Cena Kagonga Kama Anabisha Hodi

Wagosi, assalam alaykum, na wale wa shikamoo, shikamooni. Karibuni tena kwenye chaneli yenu, tuko hapahapa Tanga, Ngamiani, na hizo bodaboda mnazozisikia nyuma yangu msinilaumu, studio sina, nina kiti cha plastiki na dirisha. Leo nilikuwa nimalizie uchambuzi wa ile pawabanki. Namalizia kwa sentensi moja: wanasema inachaji simu mara nne, nimejaribu, mara mbili na nusu, kwaheri. Kuna jambo limenikaba koo tangu Jumapili na leo nalitapika.

John Cena kaomba poo.

Ngoja nirudie maana mdogo wangu hapa kwenye kamera anacheka. John Cena, yule mwanamieleka wa Marekani, yule wa taulo lililoandikwa usikate tamaa, yule wa kupunga kiganja usoni kwamba humwoni, mechi ya mwisho ya maisha yake, kagonga turubai. Kaomba poo!

Sitawaelezea Cena ni nani. Mataji 17 ya dunia, mkongwe Ric Flair ana 16, alianza 2002, hayo mnayajua na kama huyajui muulize mtoto yeyote wa Makorora. Na najua kwenye komenti kuna mtu ameshaanza kuandika "hiyo si ya kuigiza hiyo?" Weka simu chini kidogo, bwana. Mama yangu mwenyewe kila akinikuta naangalia ananiambia, "Mwanangu, hao wamepatana." Ndiyo mama, wamepatana. Hasira zangu zinaanzia hapohapo! Coastal wakifungwa pale Mkwakwani naweza kumlaumu refa, nikalaumu mvua, nikamlaumu kipa. Huku hakuna wa kumsingizia. Watu wazima wamekaa mezani, wamekunywa kahawa yao, wakakubaliana: huyu mzee atagonga. Wamechagua. Sasa mimi nachambua walichochagua, kama ninavyochambua simu. Hakuna anayeniambia simu imetengenezwa kwa makusudi kwa hiyo nisiilalamikie.

Haya. Shoo yenyewe, ya kampuni ya WWE, ilikuwa Jumamosi tarehe 13 Desemba 2025 huko Washington, Marekani. Kwao usiku, kwetu Jumapili, saa kumi alfajiri. Nyumbani kifurushi kilikata hata wimbo wa kwanza haujaisha, nikatoka mbio na kanzu kwenda kibanda umiza. Nafika mlangoni naambiwa buku. Nikamwambia kaka, jana mpira ulikuwa mia tano. Akanijibu, "Cena anastaafu mara ngapi?" Nikatoa buku.

Ndani tumebanana kama dagaa. Mechi ya Cody Rhodes na Oba Femi, mimi ndiyo niliyoisubiri zaidi kusema kweli, kwa sababu Oba Femi ni mtoto wa Nigeria, alikuwa mrusha tufe chuoni, na ukimwona anavyonyanyua binadamu unaelewa lile tufe lilivyoteseka. Wanapigana vizuri, inakolea, kaja Drew McIntyre kaiharibu. Hakuna mshindi. Tuache, hilo nitalifanyia video yake. Adhana ikaadhiniwa, nusu ya banda ikatoka kwenda kuswali, waliobaki wakashikilia nafasi kwa ndala. Tukarudi, kunapambazuka, Cena na Gunther wanaingia.

Gunther huyu Muaustria kwa wasiomjua: hana mbwembwe. Si mtu wa kurukaruka, hachezi muziki. Ana mkono mmoja wa kukupiga kofi la kifua mpaka watu wa siti za nyuma wanasikia, na mkono mwingine wa kukukaba. Alikaa na mkanda wa ubingwa wa Intercontinental siku 666. Kwa hiyo kushindwa na Gunther si aibu, hilo tuelewane mapema.

Sasa njoo wewe. Weka kamera hapo juu ya redio. Njoo. Wagosi, huyu ni mdogo wangu, anabeba magunia Mgandini, mkono wake mnauona, mchi wa kinu. Atanipiga ile anayopiga Gunther. Wazungu wanaiita ya kulaza usingizi, sisi hapa tunaijua kwa jina lake halisi, roba. Roba ya mbao! Kuna watu wamenyang'anywa simu kwa hii hii usiku wa giza, hawahitaji maelezo.

Angalia hapa. Anakuja kwa nyuma. Mkono wa kulia unapita chini ya kidevu, kiwiko kinakuja katikati, hapa mbele ya koo. Watu wengi wanadhani anakaba koo, hewa isipite. Hapana. Kiwiko kikikaa sawa koo liko salama kwenye kona, kinachobanwa ni pande mbili za shingo, huku kwa mkono wa juu na huku kwa mkono wa chini. Humo ndimo mishipa mikubwa inayopeleka damu kichwani inapita. Ikibanwa kikwelikweli humalizi hata kuhesabu mpaka ishirini. Watoto, nawaona, msijaribu, kaeni mbali na shingo za wenzenu. Wewe usibane, igiza. Nimesema igi... ah! Ah!

Toa. Toa, toa.

Mmeona? Hebu rudisheni video nyuma sekunde tano mwangalie mkono wangu. Nimempigapiga begani kama napiga inzi, haraka haraka, bila hata kuamua. Mkono umegonga wenyewe, mimi nilikuwa sijaulizwa. Hivyo ndivyo mtu anavyoomba poo. Mtu anayekabwa hana muda wa kufikiri.

Cena alifanyaje? Kakabwa, katoka, kanaswa tena, banda zima tumesimama, tunapiga kelele "usigonge, usigonge!" Kamera ikamganda usoni. Akatabasamu. Wallahi, akatabasamu, kama mtu aliyekumbuka kitu cha zamani. Halafu akagonga taratibu. Kama anabisha hodi! Kama kafika kwa watu ana fungu la ndizi mkononi anasubiri afunguliwe.

Banda lilinyamaza. Kuna mzee mmoja mbele yangu akasema "Innalillahi".

Hicho ndicho kinachoniudhi. Kushindwa nakubali. Mieleka ina desturi yake, anayeondoka anamwachia anayebaki. Flair 2008 alilazwa na Shawn Michaels, moja, mbili, tatu, analia, tunalia. Michaels mwenyewe 2010 akalazwa na Undertaker. Mabega chini, kengele, heshima imebaki. Lakini kugonga! Cena alikuwa hajagonga zaidi ya miaka 20. Kuna watoto wagonjwa zaidi ya 650 walioulizwa wanatamani nini, wakasema kumwona John Cena, na yeye akaenda kwa kila mmoja. Anawaambia usikate tamaa. Halafu?

Na njia ilikuwepo! Hapo ndipo nawalaumu waliokaa mezani. Mwezi wa saba 2025, Gunther huyu huyu, roba hii hii, alimpiga Goldberg, mzee wa miaka 58. Goldberg aligonga? Hakugonga. Alizimia, refa akamaliza mechi. Kwenye WrestleMania ya 13, mwaka 1997, Stone Cold Steve Austin yuko kwenye miguu ya Bret Hart amekunjwa kama mkeka, damu inamtiririka usoni, hakugonga, akazimia. Alishindwa ile mechi na kutoka pale akawa mkubwa kuliko aliyemshinda. Kwa hiyo msiniambie hakukuwa na namna ya Gunther kushinda bila kumdhalilisha mzee. Angezimia tu. Refa angemnyanyua mkono mara moja, ukaanguka. Mara ya pili, ukaanguka. Mimi ningetoka pale nalia na buku yangu ingekuwa halali.

Mdogo wangu hapa anasema mimi ni mzee wa zamani. Anasema lile tabasamu ndilo jibu, kwamba jamaa kaamua mwenyewe, hajalazimishwa, kachoka, ana miaka 48, anakwenda zake. Sijui... Nimelifikiria sana hilo nikiwa Deep Sea jana nanunua samaki. Mkono ule haukuwa wa mtu anayekabwa, hilo nimewaonyesha mwenyewe kwa shingo yangu. Labda kweli alikuwa anaaga. Lakini mtu akiaga anaaga kwa mdomo! Una maikrofoni, bwana, hukugombana nayo miaka 23, leo unaaga kwa kugonga turubai?

Na sikuwa peke yangu. Kule ukumbini walimzomea Triple H alipotoka mpaka basi. Huyo ndiye bosi wa kupanga hadithi za WWE, mpishi wa hivi vyakula vyote. Baadaye Cody na bingwa mwenzake CM Punk wakamwekea Cena mikanda yao mabegani, ile nzuri, sikatai, nilipangusa jicho. Akaacha viatu vyake ulingoni akapanda zake juu, akapiga saluti. Viatu vimenishinda. Viatu ndivyo vilivyonimaliza.

Jambo moja la sifa kabla hamjasema nalalamika tu. Kamera. Waliotazama hii kitu tangu zamani wanakumbuka, kila ngumi picha inaruka, kofi picha inaruka, unatoka na kichwa kinauma. Yule bosi wa picha wa zamani, Kevin Dunn, aliondoka mwishoni mwa 2023, na tangu hapo picha imetulia. Mtu anakabwa, unamwona anakabwa. Kama wangekuwa bado wanarukaruka tusingeliona lile tabasamu, na mimi leo ningekuwa nachambua pawabanki.

Sasa wale wa AEW, kampuni shindani, mnacheka. Nawaona. Haya, chukueni chenu: Sting, Machi 2024, mzee wa miaka 64, kaaga kwa kushinda, na mkanda wa mechi za wawili wawili kiunoni, hajawahi kupoteza mechi kwenye kampuni ile. Desturi ya kushindwa waliitupa baharini na dunia haikupasuka. Na Julai 2025 kule Texas, Hangman Page kamzungushia Jon Moxley mnyororo shingoni, Moxley kagonga. Lakini Moxley alikuwa mbaya wa hadithi! Mbaya akiomba poo tunanunua soda. Hiyo inaitwa kujua kazi. Ila msijivune sana, shoo zenu ni ndefu, masaa matano mtu anaangalia mieleka, hata shughuli ya Barabara ya 12 inaisha kabla.

Habari za chaneli kidogo. Maikrofoni mpya bado, aliyeniahidi kuniletea kutoka Dar naona kaipitisha Mombasa kwanza. Wanaoniuliza kwa nini nimeacha kuchambua simu za bei rahisi, sijaacha, leteni simu. Na wewe unayetazama mara ya kwanza, gonga kengele hapo chini, utajua nikipandisha video. Gonga kengele, turubai muachie Cena.

Bei, maana mnauliza kila video: buku ya kibanda inastahili? Mia saba inastahili. Mia mbili kwa Oba Femi, mia mbili kwa Gunther, mia mbili na nusu kwa viatu, hamsini kwa kamera. Mia tatu nadai.

Nilikuwa niwape zawadi. Niliahidi wiki iliyopita, nikifikisha wafuasi elfu kumi nitatoa fulana ya Cena, ile ya kijani, ya mtumba lakini safi. Tumefika elfu kumi na mia nne, nawashukuru. Jana nikaenda Tangamano kuichukua kwa yule jamaa niliyeiona kwake, wiki iliyopita aliniambia elfu sita. Jana kaniambia elfu kumi na mbili.

Nikamwambia, kaka, huyu mtu kashindwa. Kaomba poo mbele ya dunia nzima.

Akaikunja fulana taratibu, akairudisha chini ya lundo. "Ndiyo maana imepanda," akasema. "Hatazirudia tena hizi."

Nina elfu nane. Nakwenda tena kesho.