Sabuni ya sehemu za siri: nyota moja, nayo ni ya pampu

Nimeitumia wiki sita, asubuhi na jioni, mpaka chupa ikabaki vidole viwili. Kwa hiyo asije mtu akaniambia nimeihukumu mapema. Jina silitaji, maana ukisimama mbele ya rafu utaona wenzake wote ni ndugu wa tumbo moja: chupa ya waridi, ua jeupe, na ahadi ya kuwa "fresh" siku nzima.

Nianze na sifa zake. Pampu ni nzuri, haki ya Mungu. Haivuji wala haikwami, na ukibonyeza mara moja inatoa tone linalotosha. Povu ni laini. Harufu yenyewe ni ya ua lililosahaulika kwenye droo la nguo, si mbaya.

Nilipoinunua sikuwa naumwa. Nilikuwa na harufu tu, tena ile ile niliyoizoea tangu nivunje ungo: uchachu kidogo jioni, nzito zaidi nikitoka mazoezini, na kama ya chuma siku za hedhi. Hakuna aliyewahi kuniambia nanuka, hata mume wangu, ambaye hana simile hata kidogo. Ila tangazo liliuliza, "Una uhakika?" Basi. Tangu siku hiyo nikawa kwenye kikao nabana miguu kama niliyeficha kitu.

Wiki mbili za kwanza nilijiona malkia. Ya tatu ngozi ikakauka, ikaanza kuwasha usiku, na mkojo ukipita unachoma. Mtu mwenye akili angeacha. Mimi nikasema labda sioshi vizuri, nikaanza kuipeleka ndani kwa kidole. Wiki ya tano likaja shombo. Na shombo, wanawake wenzangu mnalijua, halifanani na ule uchachu wa jioni. Ni la samaki aliyelala, na lilipanda zaidi baada ya tendo la ndoa. Nikabonyeza pampu mara mbili badala ya moja.

Dada yangu mkubwa ndiye aliyenishtukia. "Unaosha na ndani?" Nikamwambia ndiyo. "Mdogo wangu, huko si kinywani. Hakuhitaji mswaki. Nenda kwa daktari."

Nikaenda, na chupa kwenye mkoba. Daktari, mama wa makamo asiyeonyesha kushangazwa na lolote, alichukua ute kidogo kwa kijiti cha pamba akaupaka kwenye kikaratasi. Kikabadilika rangi. Akakilinganisha na rangi zilizochapwa kwenye kasha lake, akanionyesha pH, yaani kipimo cha asidi, ambacho namba ikishuka asidi inapanda: zaidi ya 5. "Hapa," akasema, "tunataka kati ya 3.8 na 4.5." Akadondoshea ute mwingine dawa fulani kwenye kioo, na shombo likajaa chumba kizima. Nilitamani sakafu inimeze. Yeye akaandika tu.

Akanieleza taratibu. Ndani ya uke wanaishi bakteria wema, wengi wao wa jamii ya Lactobacillus. Kazi yao ni kugeuza sukari inayotoka kwenye ngozi ya humo kuwa asidi ya laktiki, ile ile inayochachua maziwa. Ule uchachu niliokuwa naukimbia ndio mlinzi wa mlango! Asidi ikipungua, bakteria wengine wanapata nafasi ya kuzaana, na hao ndio wanaotoa kemikali zenye shombo. Shahawa si asidi, damu ya hedhi vilevile, ndiyo maana shombo hupanda zaidi baada ya tendo au siku za hedhi. Sabuni ya kawaida ya kipande huwa na pH kama 9 au 10, nayo haisaidii kitu. Hakuapa kwamba chupa yangu ndiyo mkosaji peke yake, lakini alisema kuosha ndani, kwa kitu chochote kile, kunahusishwa na tatizo hili na hata na maambukizi yanayopanda mpaka kwenye kizazi.

Kisha akauliza kama nina chupi nyeusi zenye mabaka ya rangi ya machungwa pale katikati. Nikacheka, maana ninazo sita, na miaka yote nimelaumu sabuni ya kufulia. Kumbe ni asidi inachubua rangi. Zilikuwa ushahidi wa afya na mimi nilikuwa nazificha nyuma ya kamba.

(Na hapa lugha yetu nayo ina lawama. Ute wa kawaida, mweupe au usio na rangi, unaopungua na kuongezeka kwa siku za mwezi, tunauita "uchafu". Ukiambiwa tangu utotoni kuwa unatokwa na uchafu, utaacha kununua sabuni?)

Akageuza chupa. Mbele imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba inalinda pH ya asili. Nyuma, kwa herufi za ukubwa wa mayai ya chawa: kwa matumizi ya nje tu. Sikuwa nimesoma, kosa langu hilo nalikiri. Lakini picha ya mbele ni mwanamke aliyefumba macho na matone ya maji yakipanda kuelekea tumboni. Hiyo nayo ni maelezo ya matumizi, tusidanganyane. Kwenye viambato kuna neno moja la manukato, na chini ya neno hilo zinaweza kujificha kemikali nyingi, ambazo ngozi nyembamba ya huko huzipokea kwa kuwashwa. Kwa hiyo hata kama pH ya sabuni iko sawa, manukato yanabaki kuwa manukato. Nawaza hivyo hivyo kuhusu sprei, vitambaa vya kujifutia vyenye marashi na pedi za kunukia.

Nilipewa metronidazole, dawa ya kuua bakteria, ya siku 7, vidonge viliniacha na ladha ya shilingi mdomoni, na shombo likaisha.

Sasa natumia maji ya uvuguvugu, nje tu, katikati ya mikunjo kwa vidole, nafuta kutoka mbele kwenda nyuma. Kwenye mapaja na penye nywele, ambako jasho linakaa na bakteria wa ngozi wanalitia harufu kama wanavyofanya kwapani, napaka sabuni laini isiyo na manukato. Ndani siingizi kitu. Pedi nabadilisha kila baada ya saa nne hadi sita hata kama haijajaa. Jioni nanukia nilivyokuwa nanukia, na mume wangu bado hajasema neno.

Mnaouliza kuhusu zile zisizo na manukato: kwa nje hazina ubaya mkubwa, ila sioni mnachonunua zaidi ya chupa. Na kama kuna shombo, ute wa kijani au kijivu, ute wa mabonge unaowasha, maumivu ya chini ya tumbo au damu nje ya siku zako, usitafute sabuni, tafuta kipimo. Harufu ya kuoza ghafla inaweza kuwa tamponi, ile pamba ya hedhi ya kuingiza, iliyosahaulika ndani. Usione haya, madaktari wanaitoa kila leo.

Chupa sikuitupa. Vile vidole viwili vilivyobaki naoshea brashi za vipodozi, na nikiri, hazijawahi kuwa safi hivi.