Pampu ya Joto kwa Bwawa la Kuogelea Nairobi: Ipi Itangulie, Ipi Iachwe

Anayechimba bwawa Nairobi akiwa na jua la Februari akilini hushtuka Julai. Mji uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai pande za Karen hewa huweza kushuka hadi karibu nyuzi 10, hivi kwamba bwawa lisilopashwa hubaki la kutazamwa tu.

Kabla ya mashine yoyote, nunua turubai la kufunikia bwawa. Sehemu kubwa ya joto hupotea kwa maji kugeuka mvuke juu ya uso wake, na anayenunua pampu akaacha bwawa wazi usiku ni kama anayechemsha chai kwenye sufuria isiyo na kifuniko.

Sasa hesabu. Bwawa la mita 8 kwa 4, lenye kina cha wastani cha mita 1.5, hubeba lita 48,000. Kulitoa nyuzi 20 hadi 28 kunahitaji takriban uniti 445 za joto. Hita ya koili hula uniti hizo zote kutoka kwenye mita ya stima. Pampu ya joto, kwa kuwa haizalishi joto bali hulihamisha kutoka hewani, inaweza kuifanya kazi hiyo kwa uniti 110 hivi iwapo kila uniti moja ya umeme inaleta nne za joto. Ndiyo maana hita ya koili naiweka mkiani, hata kama dukani ndiyo rahisi kuliko zote.

Ninayoiweka kwanza ni pampu ya joto ya inveta yenye koili ya titaniamu, yaani sehemu inayogusana na maji ya bwawa na kuyapa joto. Inveta hupunguza mwendo wa kompresa maji yanapokaribia joto lililopangwa, kwa hiyo hula umeme kidogo na haipigi kelele za kumkera jirani; titaniamu nayo hustahimili klorini, ambayo huila shaba taratibu. Nafasi ya pili naipa pampu ya kawaida ya kuwaka na kuzima, mradi nayo iwe na titaniamu: inamfaa anayepasha bwawa mara chache, kwa sababu hatapata muda wa kurudisha bei ya inveta. Paneli za jua za kupasha maji ni za tatu. Gharama yake ya kila siku ni ndogo sana, lakini mawingu ya Julai huzilemaza wakati uleule unaozihitaji.

Mtego mkubwa uko kwenye kibandiko cha ubavuni mwa mashine. Kilowati zinazoandikwa kwa herufi kubwa mara nyingi zimepimwa katika hewa ya nyuzi 26 au 27, joto la Mombasa. Mwombe muuzaji kipimo cha hewa ya nyuzi 15, na asipokuwa nacho, nenda duka jingine. Pampu inayotoa kilowati 12 kwa kipimo hicho italipasha bwawa letu la mfano kwa saa 37 za mfululizo, bila kuhesabu joto linalopotea njiani; baada ya hapo kazi ni kulihifadhi tu, na ni busara kuiwasha kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni, hewa ikiwa na joto. Zile kubwa zaidi nyingi hudai umeme wa fezi tatu, basi fundi wa umeme aje kabla ya kulipa, si baada.

Usikubali ifungiwe ndani ya kibanda cha pampu ya maji. Feni hutema hewa baridi, na ikikosa pa kwenda mashine huivuta tena na kuzidi kudhoofika. Ukiona kidimbwi chini yake wiki ya kwanza, usimpigie fundi kwa hasira: kwa kawaida ni unyevu wa hewa uliogeuka maji. Chovya humo karatasi ya kupimia klorini. Ikionyesha klorini, hapo ndipo kuna bomba linalovuja.